Kigae Husema Kikiwa Mahali Pake

Bakuli la kale lenye maua ya buluu likionekana katika nyumba ya mzee huko Dongobesh, wilayani Mbulu, au Katesh, wilayani Hanang, maswali mawili huzuka: limetoka wapi, na lilikuwa la kazi gani? Sayansi ina njia ya kujibu yote mawili, lakini njia hizo hazifanani.

Swali la kwanza hujibiwa na chombo chenyewe. Chungu cha kawaida huchomwa kwa moto wa wastani. Kwa hiyo udongo wake hubaki na vitundu vidogo vinyonyavyo maji. Kauri halisi hufinyangwa kwa udongo mweupe uitwao kaolini, uliochanganywa na mawe yaliyosagwa, kisha huchomwa kwa nyuzi zipatazo 1,300 za Selsiasi. Katika joto hilo sehemu ya mchanganyiko huyeyuka na kuwa kama kioo. Ndiyo sababu ukingo wa kigae cha kauri ni mweupe na haunyonyi maji, na chombo chembamba hupenyeza mwanga. Ikiwa chini ya rangi ing'aayo pana udongo unaonyonya maji, hiyo si kauri. Huenda chombo kimetoka Uajemi, au katika viwanda vya Ulaya vya karne ya 19, kama vile vya Maastricht, Uholanzi. Alama iliyo chini ya kitako husaidia, lakini isiaminiwe peke yake, kwani wafinyanzi wa China waliiga mara nyingi alama za wafalme waliotangulia.

Swali la pili halijibiwi na chombo, bali na mahali kilipokutwa. Huko Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, bakuli za kauri za China zilipachikwa katika nguzo za makaburi kuwa pambo la heshima. Bakuli la namna hiyo hiyo likifukuliwa katika mahame ya nyumba, kama yale ya Kilwa Kisiwani aliyoyachimba Neville Chittick katika miaka ya 1960, huhesabiwa kuwa chombo cha nyumbani. Udongo ni mmoja, kazi ni mbili.

Mkoa wa Manyara nao una ushahidi wake. Huko Luxmanda, katika nyanda za juu za Mbulu upande wa Wilaya ya Babati, waliishi wafugaji yapata miaka 3,000 iliyopita. Vigae vyao ni vya vyungu vya kawaida, na vile vitundu vinyonyavyo maji vilihifadhi pia mafuta ya chakula. Mwaka 2020 wataalamu walichapisha matokeo ya kuchunguza mafuta hayo katika vigae vya Kenya na Tanzania, vikiwamo vya Luxmanda: wafugaji wa kale walitumia vyungu vyao kwa maziwa, nyama na mimea. Kama vigae hivyo vingeokotwa ovyo, habari za mahali vilipokutwa zingepotea.

Kwa hiyo mwalimu awafanyishe wanafunzi jaribio la maji kwa sahani zilizovunjika nyumbani, wala si kwa vigae vya kale. Wakikuta kigae shambani, wasikichimbue wala kukiuza. Mambo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964. Wachore ramani ya mahali hapo, kisha wapeleke taarifa serikalini.