Taarifa za Mtu ni za Nani?



Hapa Chiwata, kama kwingine Masasi na Newala, mkulima wa korosho huandikwa jina mara nyingi: kwenye chama cha msingi, kwenye orodha ya pembejeo na benki. Tangu mwaka 2019 huweka pia alama za vidole ili laini yake ya simu isajiliwe. Nasi kwenye kamati huandika majina ya yatima, wajane na wagonjwa. Je, taarifa hizo ni mali ya nani?

Swali hilo limemshughulisha kwa miaka mingi Profesa Alex Makulilo, mwanasheria aliyefundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mwaka 2012 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Bremen, Ujerumani, kwa utafiti kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi katika Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2016 kilitoka kitabu alichokihariri kuhusu sheria hizo katika nchi za Afrika.

Wapo waliosema kuwa Mwafrika huishi kijamaa, kwa hiyo hajali faragha. Profesa alihoji hoja hiyo na kuona haitoshi. Nasi tunaona hivyo. Jirani akijua mtoto wako anaumwa, huja kukujulia hali. Orodha iliyo kwenye kompyuta hunakiliwa na kufika kwa watu msiojuana.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha, lakini sheria mahususi ilichelewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa amweleze mhusika sababu, azitumie kwa kusudi hilo na azitunze salama. Taarifa za afya na za watoto zimewekewa ulinzi zaidi.

Tunaziomba kamati za parokia ziombe ridhaa kabla ya kupiga picha, ziandike yale tu yanayohitajika kwa msaada, na zifungie daftari kabatini.

Nanyi wafadhili wetu, mkipokea taarifa isiyo na picha ya mtoto wala jina lake kamili, msidhani kuna jambo linafichwa. Mtoto huyo atakua na kutafuta kazi na mchumba hapa hapa. Historia ya shida zake aisimulie mwenyewe, akipenda.