Mkono wa mtoto na kipande cha makala: kuchora na kufinyanga katika darasa la kwanza na la pili



Juma lililopita mama mmoja alitusimamisha njiani, ameshika mkono wa mwanawe wa darasa la kwanza. Akasema: "Nilimtuma mtoto asome, naye ananirudia na matope mpaka kwenye viwiko. Hayo ndiyo masomo?" Hatukumjibu vizuri siku ile, kwa sababu alikuwa na mzigo wa viazi mgongoni na soko lilikuwa linamngoja. Tunamjibu leo, yeye pamoja na wazazi wote wa Masisi na Walikale wanaouliza vilevile.

Ndiyo mama, hayo ni masomo. Vidole vya mtoto wa miaka sita bado ni laini. Tunapompa biki na kumwambia aandike herufi juu ya mstari, anabana biki kwa nguvu, mkono unachoka, na karatasi inapasuka. Mtoto anayefinyanga udongo, anayekunja majani ya mgomba na kuchora duara mavumbini, anaimarisha vidole vile vile atakavyoandikia. Tena anajifunza kutazama, kupima, kuhesabu na kumaliza kazi aliyoianza. Ndiyo maana programu ya taifa ya shule la msingi inatoa nafasi kwa sanaa na kazi za mikono. Na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha zetu za taifa zitumike kufundishia. Mtoto ambaye bado anaogopa Kifaransa, akiwa na mchoro mkononi, hukosi kumsikia akisema kwa Kiswahili.

Lakini tunajua hali. Tangu shule la msingi lilipoanza kuwa la bure mwaka wa 2019, madarasa yamejaa, na vita vimeleta watoto wengine juu ya hao. Mwalimu mmoja na watoto wengi hivi, rangi zitatoka wapi? Sisi tuliacha kungoja rangi za dukani. Tunatumia vilivyo karibu.

Rangi nyeusi ni makala ya jikoni. Nyekundu ni udongo wa njiani, tunausaga na kuuchuja kwa kitambaa. Nyeupe ni majivu au udongo mweupe. Manjano ni bizari, na kijani ni majani ya maharagi yaliyotwangwa. Ili rangi ishike, tunapika uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, tunauacha upoe, kisha tunachanganya. Uji huo huo ndio gundi. Burashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki, au unyoya wa kuku. Karatasi ni katoni za sabuni, na tabaka la katikati la mfuko wa simenti, baada ya mtu mkubwa kuukung'uta vumbi lote mbali na watoto. Siku ambayo hakuna hata katoni, uwanja wa shule ni ubao mkubwa na kila mtoto ana kijiti chake.

Mambo matatu tunayakataza. La kwanza, weusi wa betri kuukuu za redio. Wengine wanapakia ubao wa darasa, lakini si kitu cha kushikwa na watoto wadogo wanaotia vidole kinywani. La pili, utomvu wa miti tusiyoijua, kwa sababu kuna utomvu unaodhuru macho. La tatu ndilo zito: tunapowatuma watoto kuokota vitu vya kazi, hawaendi peke yao, na hakuna anayeokota chuma asichokijua. Katika vijiji vyetu kuna vyuma vilivyoachwa na vita ambavyo vinaua. Mtoto akikiona, asiguse, arudi kwa njia aliyokujia, amwambie mtu mkubwa.

Hizi hapa kazi tatu ambazo tumezijaribu.

Kazi ya kwanza: muhuri wa kiazi. Huku Masisi kiazi hakikosekani. Mtu mkubwa anakikata kati na kuchonga umbo rahisi: jani, nyota, mlima. Mtoto anachovya katika rangi na kupiga katoni kwa mpango: jani, nyota, jani, nyota. Anatengeneza kitenge chake. Mwalimu atakuambia kwamba hiyo ni hesabu, na ni kweli.

Kazi ya pili: udongo. Tunauchukua kando ya mto, tunaondoa vijiwe, tunaukanda kama unga. Watoto wa Masisi wanafinyanga ng'ombe wa malishoni, na wengine chukudu yenye magurudumu mawili. Watoto wa Walikale wanafinyanga samaki, nyani na gorila wa msituni. Miguu ya ng'ombe ikivunjika, mwambie aifanye mifupi na minene. Vikauke kivulini kwa siku kadhaa, juani vinapasuka.

Kazi ya tatu: hadithi. Wanyanga wa Walikale wana hadithi ya Mwindo, ambayo mzee Rureke aliisimulia mwaka wa 1956 na ikachapwa kitabu mwaka wa 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Lakini kwa watoto kitabu si lazima. Mzee wa kijiji anatosha. Mmoja aliwasimulia jinsi baba alivyomtia Mwindo katika ngoma na kuitupa mtoni. Kisha tukawaambia wachore. Hakuna ngoma mbili zilizofanana. Mtoto mmoja alichora ngoma kubwa kuliko mto wenyewe. Tuliiacha hivyo, kwa sababu mtoto anakifanya kikubwa kile kilicho kikubwa moyoni mwake.

Jambo hilo la kuacha si geni katika inchi yetu. Mwaka wa 1946, huko Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya; aliwaambia watazame mazingira yao. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki. Bela akaacha burashi akapaka rangi kwa ncha za vidole. Leo kazi zao zinajulikana mbali. Basi tusimchoree mtoto nyumba ubaoni ili wote waige nyumba ile ile. Na tusimwulize "Hiki ni nini?" kana kwamba amekosea. Tumwambie: "Nielezee."

Sisi wenyewe tulikosea. Mwanzoni tulichagua michoro mitatu mizuri na kuwapa wenyewe biskuti. Binti mmoja alikunja mchoro wake mara nne, akauficha ndani ya nguo, na majuma mawili hakuja kuchora. Tangu siku hiyo hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tulisema "choreni njia ya kutoka nyumbani", nasi tulingoja maua na mbuzi. Mvulana aliyehama na jamaa yake alichora watu wenye bunduki kandokando ya shamba. Mmoja wetu alishtuka, akasema: "Futa hiyo, chora maua." Mtoto akafuta. Akachora ua moja, akaweka makala chini, akanyamaza mpaka saa ya kutoka. Tulirudi nyumbani na aibu. Yeye alikuwa ametuambia neno, nasi tulimwambia tusingependa kulisikia.

Sasa tunafanya hivi. Hatumlazimishi mtoto yeyote kuchora vita, wala hatumkatazi. Akichora, tunakaa kando yake na kusikiliza anachotaka kusema, basi. Hatumchimbi kwa maswali. Mchoro wa namna hiyo hatuutundiki ukutani, hatuupigi picha, hatuutumi kwa simu hata kwa mama mwenzetu, maana mchoro unaweza kuonyesha nani alipita wapi, na ukaletea jamaa nzima matatizo. Ni wa mtoto. Yeye ndiye anasema kama tuutunze au tuuchome. Na mtoto ambaye kila juma anachora jambo lile lile, halali, hali, wala hachezi na wenzake, tunazungumza na mzazi wake kwa siri, na kumfikisha kwa muuguzi au mshauri aliye karibu.

Yule mvulana anaendelea kuja. Tulimwomba msamaha mbele ya makala yake, kwa maneno machache. Juzi alifinyanga ng'ombe, akamwekea miguu mifupi na minene kama tulivyomfundisha, na pembeni mtu mdogo. Tukasema: "Tuelezee." Akajibu: "Ni mimi, namchunga."

Basi mama, juma hili usitupe katoni ya sabuni. Mpe mtoto aje nayo, na kipande cha makala. Na akirudi na matope kwenye viwiko, mnawishe kwanza, halafu mwambie akuelezee alichofanya.