Mndimu, Kiwavi na Daftari

Mpita njia wa Masasi au Newala huenda amemwona bila kumjua jina: kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, Papilio demodocus. Jike hutua kwenye mndimu, hugonga jani kwa miguu ya mbele kulionja, kisha hubandika yai moja kwenye jani changa. Kiwavi akianguliwa hufanana na kinyesi cha ndege, na ndege humpita. Akikua huwa kijani. Ukimgusa huchomoza pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali.

Kiwavi huyo hali majani ya mkorosho, ingawa mikorosho ndiyo imetanda huku. Kwa hiyo shule inayotaka bustani ya vipepeo ikapanda maua tu humpa kipepeo mpevu kinywaji bila kuwapa watoto wake chakula. Wanafunzi waanze na mndimu, na mtopetope kwa aina nyingine za vipepeo, halafu wapime jinsi miche inavyokua na majani yanavyoliwa.

Urefu wa mche usipimwe kuanzia ardhini. Udongo wa uwanda wa juu wa Makonde ni wa kichanga. Mvua ikiuondoa shinani, mche huonekana umerefuka kumbe haujakua. Wachore alama ya rangi chini ya shina, wapime kutoka hapo hadi ncha ya juu.

Jani nalo halichumwi. Huwekewa karatasi ya miraba ya sentimita 1 kwa nyuma, huchorwa kingo zake, kisha huhesabiwa miraba. Mraba uliofunikwa nusu au zaidi unahesabiwa, uliopungukiwa unaachwa. Siku mbili baadaye jani lilelile huchorwa tena, na tofauti ndiyo aliyokula kiwavi. Siku zake za mwisho kabla ya kuwa bundo, yaani pupa, hula zaidi kuliko siku zote zilizotangulia, na hapo ndipo miche michache huisha majani ghafla. Hesabu hiyo huonyesha miche mingapi inatosha viwavi wangapi.

Wafugaji wa vipepeo wa Amani, Usambara Mashariki, na wa Gede, Kenya, ulikoanzia mradi wa Kipepeo mwaka 1993, nao hutegemea mimea ya kulishia. Wa Amani waliuza mabundo nje ya nchi hadi serikali ya Tanzania iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Bustani ya shule, kwa maoni yangu, isijengwe juu ya soko hilo.

Ipandwe mbali na mikorosho inayopulizwa dawa, na kila tarehe ya kupuliza iandikwe kwenye daftari, kando ya idadi ya viwavi wa siku hiyo.