Ajira katika Sanaa: Kijana Aende na Nini Mkononi?

Kamati nyingi za parokia zimezoea kuwasaidia vijana kuomba kazi za ualimu, uuguzi au udereva. Njia yake inajulikana: barua ya maombi, wasifu, nakala za vyeti, na barua ya utambulisho kutoka kwa paroko. Lakini wapo pia vijana wanaotaka kazi za kupiga picha, kurekodi muziki, kuchora vibonzo, kusanifu mabango, kubuni mavazi au kuigiza. Wengi wao hutumia njia ile ile, kisha hawaitwi kwenye usaili. Makala hii inaeleza sababu, na namna kamati na wafadhili wanavyoweza kusaidia.

Mwajiri anatafuta nini?

Cheti huonyesha kwamba kijana amesoma. Hakionyeshi kama picha zake zina mwanga mzuri au kama anamaliza kazi kwa wakati. Kwa hiyo mwenye studio au mhariri wa gazeti huuliza kwanza: umefanya kazi gani? Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, hakupitia chuo cha sanaa. Watu waliona michoro yake, wakainunua. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na mtindo huo unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Hii haina maana kwamba mafunzo hayafai. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa TaSUBa mwaka 2007, kimetoa wasanii wengi. Mafunzo humpa kijana ujuzi na watu wa kufanya nao kazi. Hata hivyo, mhitimu naye huulizwa swali lile lile.

Maombi yawe na nini?

1. Kazi za mfano. Nane au kumi zilizo bora zinatosha. Kazi dhaifu huzishusha nzuri. Mwanamuziki au mpiga video atoe dakika mbili au tatu, akianza na sehemu iliyo bora. Kila kazi ielezwe ilifanyika mwaka gani, iliagizwa na nani, na mwombaji alifanya sehemu ipi. Wimbo uliorekodiwa na watu sita usiitwe wa mmoja.

2. Barua ya ukurasa mmoja. Itaje kazi inayoombwa na ionyeshe kwamba mwombaji anazifahamu kazi za mwajiri huyo. Barua moja iliyonakiliwa kwa waajiri ishirini hutambulika mara moja.

3. Wasifu mfupi. Kazi za harusi, shule na kwaya zihesabiwe; nazo ni uzoefu.

4. Wadhamini wawili waliomwona akifanya kazi. Paroko akiandika kwamba kijana ni mwadilifu, ni vyema. Akiongeza kwamba alisanifu kitabu cha jubilei na kukikabidhi siku waliyokubaliana, amemsaidia zaidi.

Kabla ya kusaini

Kijana aliyesubiri kwa muda mrefu husaini chochote. Ni vizuri mtu mzima mwenye uelewa asome mkataba pamoja naye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi, mshahara na saa za kazi, na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Kazi nyingi za sanaa si ajira ya kudumu bali ni za mkupuo mmoja. Hapo makubaliano yataje malipo ya awali, tarehe ya kukabidhi kazi na idadi ya marekebisho.

Yataje pia kazi itakuwa mali ya nani. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya msanii huanza pale anapoitengeneza kazi yake. Wazo ambalo bado liko kichwani halilindwi.

Wazazi wa mabinti hasa wafahamu kwamba kudai ngono ili kumpa mtu kazi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Taarifa hutolewa TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113. Anayedai fedha ili kumwita kijana kwenye usaili naye aogopwe.

Parokia ni mteja wa kwanza

Albamu ya kwaya, video ya upadrisho, bango la sikukuu ya mavuno na mishono ya sare ni kazi za sanaa. Mara nyingi hufanywa na vijana wetu bila malipo na bila jina lao kuonekana. Kujitolea ni jambo jema, lakini kijana asiyetajwa popote hana cha kumwonyesha mwajiri. Tunazishauri kamati zifanye mambo manne: ziandike jina la aliyefanya kazi, zimpe nakala yake, zimpe barua ya kuthibitisha kazi hiyo, na pale bajeti inapokuwepo, zimlipe kama anavyolipwa fundi wa nje.

Kwa upande wa wafadhili, tunashukuru kwa vinanda na kamera zilizotolewa. Vifaa hivyo huzaa matunda zaidi vikiambatana na fungu dogo la nauli ya kwenda kwenye usaili, gharama za kuchapa kazi za mfano, na posho ya msanii mzoefu wa kuwaelekeza vijana.

Katika kikao kijacho, kila kamati ijiulize: nani alitengeneza bango letu la mwisho, na je, ana nakala na barua? Kama hana, aitwe apewe.