Kwa Nini Chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa kwa Binadamu Inachelewa

Dodoma. Mwaka 2007 ugonjwa wa homa ya Bonde la Ufa, uliobainika kwa binadamu katika wilaya za kaskazini mwezi Januari baada ya mvua kubwa, ulifika kanda ya kati, na Dodoma ikawa miongoni mwa mikoa iliyoathirika zaidi. Hadi Juni, watu 511 walikuwa wameshukiwa kuugua katika mikoa 10. Kati yao 186 walithibitishwa na maabara, na 144 walifariki dunia. Mwananchi ana haki ya kuuliza kwa nini hakuna chanjo ya binadamu iliyoidhinishwa, ilhali kirusi hiki kinafahamika tangu miaka ya 1930.

Sababu kuu ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Mayai ya mbu yaliyobeba kirusi hukaa miaka kwenye udongo mkavu wa mbuga na mabonde, kisha huanguliwa mafuriko yanapokuja. Chanjo, kwa upande wake, hupimwa kwa hatua: kwanza usalama kwa watu wachache, kisha mwitikio wa kinga ya mwili, na mwisho maelfu ya watu hulinganishwa ili kuona nani anaugua. Hatua hiyo ya mwisho huhitaji ugonjwa uwepo. Washukiwa 511 katika mikoa 10 ni msiba mkubwa, lakini kwa mtafiti ni idadi iliyotawanyika mno, na hakuna awezaye kutabiri mlipuko ujao utaanzia kata ipi.

Njia inayobaki ni ushahidi usio wa moja kwa moja, yaani wingi wa kingamwili katika damu ya waliochanjwa, ukioanishwa na matokeo ya wanyama. Chanjo ya majaribio imekwisha kutolewa kwa watu waliojitolea nchini Uingereza na Uganda. Hata hivyo, kiwango cha kingamwili kinachotosha kumkinga binadamu ni makadirio, na mamlaka itakayoidhinisha kwa msingi huo italazimika kulieleza hilo bayana.

Historia ya chanjo za mifugo inaonyesha sababu ya tahadhari. Chanjo hai ya Smithburn ni nafuu na kinga yake hudumu, lakini huweza kusababisha mnyama kutupa mimba. Chanjo ya Clone 13, iliyosajiliwa Afrika Kusini mwaka 2010, ilionekana kuondoa tatizo hilo, kwani majaribio ya awali hayakuonyesha madhara kwa kondoo wenye mimba. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliotumia dozi kubwa kuliko ya kawaida kwa kondoo wenye mimba changa: kirusi cha chanjo kilivuka kondo la nyuma, kikasababisha vilema na vifo tumboni. Dozi hiyo si ya shambani, na hilo lisisahaulike. Lakini bila kuchapishwa, pengo la majaribio ya awali lisingejulikana.

Kwa binadamu suala hili ni zito zaidi. Utafiti uliofanyika Sudan, uliochapishwa pia mwaka 2016, ulihusisha maambukizi ya homa hii na kuharibika kwa mimba. Mjamzito, ambaye kwa kawaida huachwa nje ya majaribio kwa ajili ya usalama wake, ndiye huenda akahitaji kinga zaidi.

Hapa nchini, jaribio la chanjo kwa binadamu huhitaji kibali cha maadili kinachosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), yenye makao makuu Dodoma. Baada ya usajili, ufuatiliaji wa madhara huendelea.

Kwa sasa kinga ni kuchemsha maziwa, kupika nyama hadi iive, kutochinja mnyama mgonjwa na kutogusa kwa mikono mitupu mimba iliyotupwa. Mifugo inapotupa mimba kwa wingi, ofisa mifugo aarifiwe mara moja. Chanjo ya mifugo hutolewa kabla ya mlipuko. Ukishaanza, sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi huweza kueneza kirusi katika zizi zima.