Mfungo wa Jumatano, sinia la Kihabeshi

Nairobi hii inavyopenda nyama choma, ukimwambia mtu twende tukale chakula kisicho na nyama, maziwa wala yai, atadhani umeishiwa. Ndiyo maana wengi wakiingia mkahawa wa Kihabeshi kule Hurlingham au Kilimani huagiza vyakula vya nyama kama tibs au kitfo moja kwa moja, wasiutazame hata ukurasa wa vyakula vya mfungo. Wanajinyima uhondo. Ukitaka kuujua mkono wa mpishi, nenda Jumatano au Ijumaa.

Waumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga siku hizo mbili karibu mwaka mzima, mbali na zile siku 55 kabla ya Pasaka. Mkahawa ukiwa wa familia inayofuata mfungo huo, kinacholetwa mezani kwako ndicho wanachokula wenyewe jikoni. Samli yenye viungo, ambayo siku nyingine husitiri makosa mengi, haiguswi. Kinachobaki ni kitunguu, mafuta na subira.

Kitunguu hukatwakatwa laini kabisa, kikatiwa sufuriani bila tone la mafuta. Mpishi hukikoroga kwa moto mdogo hadi kiive kwa maji yake chenyewe na kuanza kurojeka. Mafuta hufuata, kisha berbere: pilipili nyekundu kavu iliyosagwa pamoja na uwatu, tangawizi, kitunguu saumu na viungo vingine ambavyo kila nyumba hupima kivyake. Akifanya haraka, mchuzi wa kamande huwa na ukali mbichi unaokwaruza koo. Akivumilia, huwa mzito, na pilipili huja polepole baada ya utamu wa kitunguu kutangulia ulimini.

Injera nayo haitaki haraka. Unga wa teff hukorogwa kwa maji na kuachwa uchachuke siku mbili tatu, ndipo umiminwe kwa kuzungusha kuanzia ukingoni mwa kikaango kipana hadi katikati. Hufunikwa, huiva upande mmoja tu, na juu yake hutokeza vijitundu ambavyo Wahabeshi huviita macho. Hivyo ndivyo vinavyonyonya mchuzi. (Asiyepatana na ngano aulize kwanza, maana teff ni ghali na wengine huichanganya na unga mwingine.)

Sinia la mfungo, beyaynetu, huja limesheheni: kamande nyekundu, njegere za manjano, kabichi na karoti, na shiro, uji mzito wa unga wa dengu ambao mimi ningeula peke yake siku zote. Pembeni kuna gomen. Ni sukumawiki, ndiyo, ile ile tunayoichoka nyumbani, ila hapa imepikwa taratibu kwa kitunguu saumu na tangawizi hadi ikalainika.

Nawasihi wenzangu wa Nairobi waache kuomba sahani mojamoja na uma. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa: ananawa, anatumia mkono wa kulia, anakula upande wake wa sinia. Kuna jambo moja tu huenda likamshtua. Mwenyeji anaweza kufunga tonge kubwa na kukulisha kwa mkono wake. Hiyo ni gursha, heshima na upendo pamoja, na kuikataa kunamvunja moyo. Fungua kinywa.

Kahawa iagize pamoja na chakula, si baada yake. Buni hukaangwa hapo hapo mbele yenu, hutwangwa au kusagwa, kisha huchemshwa kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu, huku ubani ukifuka. Huandaliwa mikupuo mitatu: abol, tona na baraka. Wa kwanza ni mkali, wa tatu umeshapoa makali, na anayeondoka kabla ya huo wa tatu huonekana amekatiza mazungumzo ya watu. Kwa hiyo usipange miadi nyingine mchana huo.