Barua ya saa nane usiku

Saa nane usiku wa kuamkia Agosti 16, 1867, Karl Marx alimaliza kusahihisha prufu ya mwisho ya juzuu ya kwanza ya Das Kapital, nyumbani kwake London. Kabla ya kulala alimwandikia barua fupi rafiki yake Friedrich Engels aliyekuwa Manchester. Alimweleza kwamba kitabu kimekwisha, na kwamba kimewezekana kwa sababu yake yeye peke yake. Asingejinyima kwa ajili yake, kazi kubwa namna ile isingefanyika. Akamkumbatia kwa maneno, akamshukuru.

Msomaji anaweza kuyakubali mawazo ya Marx au akayakataa, hilo tuliache. Mimi barua hii naipenda kwa sababu mtu mzima, mwenye mke na watoto, anamwambia mwandani wake waziwazi ni kitu gani hasa alichomtendea. Wengi wetu tunalikwepa jambo hilo mpaka tunazeeka.

Na alichotendewa si kidogo. Mwaka 1850 Engels alirudi kwenye kampuni ya pamba ya Ermen & Engels, ambako baba yake alikuwa mbia, akafanya kazi asiyoipenda kwa karibu miaka 20. Mshahara wake ulilisha nyumba mbili. Kwa Marx mambo yalikuwa magumu: kodi ya nyumba inadaiwa, vitu vimewekwa rehani, kuna wakati hata koti lake lilikuwa rehani akawa hawezi kutoka nje. Engels alimtumia noti kwa posta. Alikuwa akiikata noti vipande viwili, nusu anaitia kwenye bahasha moja, nusu nyingine anaituma peke yake, ili mwizi akiinasa barua asiambulie kitu. Marx akishapata zote mbili anaziunganisha, ndipo mkate unanunuliwa. Nikifikiria urafiki wao, picha inayonijia kwanza ni hiyo ya mtu ametoka kazini, amekaa mezani, anakata noti katikati.

Wala hawakuwa malaika. Januari 1863 alifariki Mary Burns, mwenzi wa Engels wa miaka mingi. Engels alimpa Marx taarifa, naye Marx akajibu kwa pole ya mistari michache kisha akaendelea na habari za madeni yake. Engels aliumia, na alimwambia. Marx akaomba radhi, Engels akaipokea, na msaada haukukatika. Ndiyo maana barua ile ya usiku, miaka minne baadaye, naiona nzito: imeandikwa na mtu anayejua kwamba amewahi kuvumiliwa.

Sasa ufunue ukurasa wa mwanzo wa kitabu chenyewe. Jina la Engels halipo kwenye tabaruku. Kimetabarukiwa kwa Wilhelm Wolff, rafiki yao wote wawili, aliyefia Manchester Mei 1864 na kumwachia Marx sehemu kubwa ya mali yake. Wolff alistahili, sina ubishi. Lakini inanigusa kwamba aliyekwisha kuondoka alipewa ukurasa mbele ya dunia nzima, na aliye hai akapata barua ya usiku. Engels hakununa. Marx alipofariki mwaka 1883, ni yeye aliyekaa na miswada iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya kweli kweli, akaichambua, akatoa juzuu ya pili mwaka 1885 na ya tatu mwaka 1894.

Kwetu hali ni hiyo hiyo. Chukua gazeti lolote utazame tangazo la shukrani. Iko picha ya marehemu, tarehe zake, kisha familia inashukuru uongozi wa hospitali, madaktari na wauguzi, paroko au sheikh, mwajiri, kamati ya mazishi, majirani. Mwisho linakuja lile neno tunalolijua sote: si rahisi kumtaja kila mmoja. Rafiki wa karibu yumo humo. Ndiye aliyelala kwenye benchi nje ya wodi, akatoa damu, akakimbizana na maturubai na viti vya kukodi, akashika daftari la rambirambi kwa kuwa ndiye anayeaminika. Siku ya arobaini watu wakishatawanyika, yeye bado yuko uani anasugua masufuria.

Hatajwi kwa sababu "huyo ni wa nyumbani". Naelewa, na ni heshima kubwa kuhesabiwa hivyo. Wapo hata wanaokasirika ukiwashukuru: "Unanishukuru mimi, kwani mimi mgeni?" Lakini mtazame usoni anaposema hivyo. Mara nyingi anatabasamu.

Ombi langu ni kwamba shukrani iwe na siku na mahali. "Asante kwa yote" ni neno jema, ila rafiki hajui unakumbuka lipi. Mwambie: "Shoga, usiku ule mama alipozidiwa ulikuja na bajaji saa tisa, ukakaa nasi mpaka alfajiri, asubuhi ukaenda kazini bila kulala. Sijasahau." Wanawake wa pwani wana njia yao nzuri zaidi: doti ya kanga. Shoga anayemjua mwenzake hachukui ya juu ya rundo. Anazikunjua moja moja dukani, anasoma jina la kila kanga, mpaka apate linalosema lile analotaka kusema yeye.

Mimi nina rafiki niliyesoma naye. Mwaka ambao kazi iliniishia, binti yangu alikuwa kidato cha nne na ada haijalipwa. Rafiki yangu alikwenda shuleni bila kuniaga, akalipa, akaomba risiti iandikwe jina langu ili mtoto asijue kwamba baba yake ameshindwa. Akanikataza nisimwambie yeyote. Binti yangu leo ni mwalimu, ana mtoto wake. Wiki hii nimemwonesha ile risiti na kumweleza nani aliilipa. Aliisoma, akauliza kama baba mdogo bado anakaa Magomeni, kisha akasema Jumapili atakwenda mwenyewe, na mimi nisimsindikize.